Pete Zinazotii Asidi: Molekuli Zilizofungamana na Kazi Inayozingoja Nyanda za Juu Kusini



Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Ismani anaifahamu Gramoxone. Anajua inavyonyausha magugu kwa muda mfupi, na anajua kwamba binadamu akiinywa ni hatari kubwa. Kiini cha dawa hiyo ni parakwati, molekuli yenye pete mbili za piridini na chaji mbili chanya. Mwaka 1978 James Fraser Stoddart, mkemia wa Uskoti aliyekulia shambani, alikwenda kufanya kazi kwa miaka mitatu katika maabara ya ICI huko Runcorn, Uingereza, kampuni iliyokuwa ikiitengeneza dawa hiyo. Huko ndiko alikoanza kuitazama parakwati kwa jicho jingine. Baadaye yeye na wenzake waliziunganisha parakwati mbili kwa viungo vya benzini, wakapata pete ya mstatili yenye chaji nne chanya. Pete hiyo ilibeba sehemu kubwa ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2016, pamoja na Jean-Pierre Sauvage wa Ufaransa na Bernard Feringa wa Uholanzi.

Ninachotetea leo ni kwamba molekuli zilizofungamana zisifundishwe kama maajabu ya ng'ambo. Swali zinalolijibu ni dawa ifunguke wapi, na ifunguliwe na nini. Hilo ni swali la wodi zetu za kifua kikuu na la mashamba yetu ya pareto.

Kwanza maumbo yenyewe. Katenani ni pete mbili zilizopitana. Rotaksani ni pete iliyovishwa kwenye mhimili wenye vizuizi vinene kwenye ncha zake, mfano wa ushanga kwenye uzi uliopigwa fundo huku na huku. Pete na mhimili havikuunganishwa kwa kifungo cha kovalenti, lakini haviachani mpaka kimojawapo kikatwe. Zamani kuzipata ilikuwa bahati: mwaka 1967 Ian na Shuyen Harrison walirudia hatua zilezile mara 70 ili wapate asilimia 6 tu ya rotaksani. Mwaka 1983 Sauvage alitumia ioni ya shaba kuvishika vipande viwili katika mkao unaotakiwa, akafunga pete, kisha akaiondoa shaba. Tangu hapo kazi hii ikawa ya kupangwa.

Namna molekuli hizi zinavyoitikia mabadiliko ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1994 kundi la Stoddart lilichapisha rotaksani yenye vituo viwili kwenye mhimili wake, kimoja cha benzidini na kingine cha bifenoli. Pete ile ya parakwati ilipenda zaidi kukaa kwenye benzidini. Ukitia asidi, nitrojeni za benzidini hupokea protoni na kituo kizima huwa na chaji chanya. Pete nayo ina chaji chanya nne, na chaji zinazofanana husukumana, kama tunavyofundisha sekondari. Pete inahamia bifenoli. Ukiongeza besi, protoni zinaondoka na pete inarudi. Kuondoa elektroni kwenye benzidini kwa umeme huleta matokeo hayohayo. Mwanafunzi anayezijua asidi, besi na kanuni ya chaji ameshabeba zaidi ya nusu ya somo hili.

Kuna jaribio ambalo shule inaweza kulifanya, na ningependa kila mmoja wetu tunaofundisha kemia alijaribu. Mahitaji ni fenoftalini, sodiamu kaboneti kidogo na beta-saiklodekstrini. Hii ya mwisho ni pete ya glukosi saba inayotengenezwa kwa wanga, hata wa mahindi, kwa kutumia kimeng'enya cha bakteria. Antoine Villiers aliigundua jamii hii ya pete mwaka 1891. Nje yake hupenda maji, ndani yake huyakwepa. Tengeneza myeyuko wa fenoftalini wenye rangi ya waridi, kisha utie saiklodekstrini. Rangi inafifia hadi kutoweka, ingawa myeyuko bado ni besi, kwa kuwa fenoftalini imeingia ndani ya pete na umbo lake limebadilika. Pasha moto: rangi inarudi. Poza: inapotea tena. Hapa hakuna vizuizi, kwa hiyo hii si rotaksani. Lakini darasa limeona kwa macho molekuli ikiingia na kutoka kwa amri ya joto, ndani ya tyubu moja ya kioo.

Sasa tuje Mbeya. Kituo cha utafiti wa tiba cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo Mbeya ni miongoni mwa vituo vilivyoshiriki jaribio kubwa la dawa za kifua kikuu lililohusisha wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Kundi lililopewa rifampisini miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, badala ya 10 za kawaida, pamoja na dawa nyingine tatu, lilichukua muda wa kati wa siku 48 makohozi kuwa safi. Waliopewa matibabu ya kawaida walichukua siku 62. Ni hatua kubwa. Hata hivyo kuongeza dozi maana yake ni kuipeleka dawa zaidi mwili mzima, ini likiwemo, ilhali vijidudu vingi vimejificha ndani ya makrofeji, zile seli za kinga zilizovimeza na kushindwa kuviua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliliendea tatizo hilo kwa njia nyingine. Walichukua chembe za silika zenye vitundu vidogo mno, wakavijaza isoniazidi, dawa ya siku nyingi ya kifua kikuu. Kwenye mdomo wa kila kitundu walisimamisha kijiti cha benzimidazoli na kukivisha saiklodekstrini. Katika damu, pH ikiwa karibu 7.4, pete inabaki kwenye kijiti na kitundu kimezibwa. Makrofeji ikiimeza chembe, inaipeleka kwenye lisosomu, ambamo pH huwa karibu 5. Kijiti kinapokea protoni, kinaacha kuipenda pete, pete inadondoka, na isoniazidi inatoka ndani ya seli ileile yenye vijidudu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2012 kwa seli zilizooteshwa maabara, kisha panya wakafuata. Haijawafikia wagonjwa. Kijiti kina ncha moja tu iliyoshikwa na silika, kwa hiyo huitwa rotaksani kwa nusu, lakini nusu hiyo ndiyo inayoiwezesha kufunguka. Naona hapa ndipo kemia hii inapostahili kuheshimiwa: tindikali ya mwili wenyewe imegeuzwa kuwa amri.

Pareto ni kesi ngumu zaidi. Maua yanayokauka kwenye majamvi Umalila na Mufindi, na kusindikwa Mafinga, yana esta sita, ziitwazo piretrini, zinazomwangusha mdudu upesi. Jua huziharibu haraka mno. Saiklodekstrini inaweza kuzificha ndani yake na kupunguza uharibifu huo. Je, tuweke pete inayofunguliwa na mwanga? Zipo: azobenzini iliyonyooka hukaa vizuri ndani ya alfa-saiklodekstrini, ikipigwa na miale ya urujuanimno hujipinda na kutoka. Kwa pareto siliafiki wazo hilo, kwa sababu mwanga unaoifungua pete ndio unaoiharibu pareto. Besi ingefaa zaidi, maana utumbo wa viwavijeshi vamizi wanaotafuna mahindi yetu una pH ya juu. Lakini pareto huua hasa kwa kumgusa mdudu, hivyo mlango wa tumboni ungefaa dawa nyingine kuliko yenyewe. Kwa maoni yangu unyevu ndio wa kuanza nao: unga mkavu wa pareto na saiklodekstrini uliohifadhiwa ghalani, unaoachia dawa ukilowa siku ya kuupulizia. Vyuo vyetu vya Mbeya na Iringa vinaweza kuanza kwa kuanika sampuli mbili juani, yenye pete na isiyo na pete, na kupima kila saa piretrini iliyobaki.