Ziwa Lililomalizwa kwa Pampu

Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niseme juu ya pampu, maana vikundi vitatu hapa vinataka kuchukua mkopo wa kununua pampu za kunyunyizia mboga. Mimi siwakatazi. Lakini kwanza nipeni nafasi niwaeleze habari za ziwa moja la Ethiopia, linaitwa Haramaya.

Nilipita huko mwaka 2011, ule mwaka wa ukame mkubwa. Ukitoka Addis Ababa unateremka mpaka tambarare za Awash, na huko ilikuwa ni miiba na vumbi tu, mifugo imekonda hata mbavu unazihesabu. Halafu barabara inapanda milimani. Hapo nilishangaa kuona kijani: mashamba ya miraa yamesimama vizuri, utadhani uko Meru. Nikatazamia kuona na ziwa. Tukaonyeshwa uwanja mpana ambamo ng'ombe walikuwa wanakula nyasi. Ziwa ndilo hilo! Jirani yake kulikuwa na lingine, Adele, nalo limekauka vile vile.

Sasa msiseme ni ukame tu. Haramaya hupata mvua ya karibu milimita 800 kwa mwaka, na wengi wenu hapa mngeshukuru kupata hiyo. Tena chuo cha kilimo kiko pale pale karibu na ziwa tangu miaka ya 1950, kwa hiyo wataalamu hawakukosekana.

Ziwa lilikuwa na kina cha mita 8 hivi. Milima ikakatwa miti, udongo ukateremka na mvua ukajaza chini, na ziwa la kina kifupi jua hulinyonya upesi. Mji wa Harar nao ulikuwa unakunywa kutoka hapo. Halafu wakulima wakanunua pampu, huyu yake na yule yake, wakamwagilia miraa na viazi, kwa sababu miraa ina soko zuri mpaka Djibouti na Somalia. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja alikuwa anatafuta karo ya watoto, kama ninyi. Mwaka 2004 mji ukakosa maji ya ziwa, na muda mfupi baadaye ziwa likaisha. Watu wakachimba visima katika sakafu ya ziwa, wakaendelea kuvuta! Na kule Harar kina mama wakawa wa kungoja foleni na mitungi. Mwishowe serikali ililazimika kuleta maji ya mabomba kutoka mbali, upande wa Dire Dawa.

Hebu tufanye hesabu yetu. Pampu ndogo ya petroli, ya inchi 3, inaweza kutoa hadi lita 1,000 kwa dakika moja ikiwa maji hayapandi juu sana. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Punda anabeba minne. Kwa hiyo kila dakika ni kama punda kumi na wawili wameondoka mtoni, na mashine haichoki jioni.

Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi ya mkopo, nawaomba mpime maji yenu wakati wa kiangazi, si sasa mto umejaa. Fito iliyotiwa alama inatosha, na katibu aandike kila wiki. Kisha mketi pamoja na wale wa chini ya mto, hata kama si wanachama, mkubaliane saa za kuvuta, na alama ambayo maji yakiifikia kila pampu inazimwa, hata ya mwenyekiti. Hapo kwa mwenyekiti ndipo mapatano mengi huvunjika.

Miaka ya karibuni maji yamerudi kwa sehemu Haramaya, baada ya mvua nzuri na kazi ya kuzuia udongo milimani. Wakulima nao wako pale pale.

Haya, yule mama wa nyuma alikuwa ameinua mkono. Tuanze na swali lako, mama.