Kuku Watano Uani na Jirani wa Uzio wa Pili

(Hotuba kwa familia, sikukuu ya uhuru wa Kongo, North Buffalo)

Sitawachelewesha. Harufu ya nyama ya kuchoma imeshanifikia hata mimi.

Niliombwa niseme juu ya heshima nyumbani. Nitasema juu ya kuku, na mtaona sijatoka nje ya mada.

Lakini leo ni siku ya uhuru, kwa hiyo nianze na uhuru. Watoto, Kifaransa kina maneno mawili ya kumwambia mtu mmoja "wewe". Moja ni la rafiki au mtoto, jingine ni la heshima. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Patrice Lumumba alihesabu machungu ya ukoloni: kazi ngumu kwa malipo yasiyotosha kula, ardhi iliyonyang'anywa, magereza. Katikati ya makubwa hayo akataja jambo ambalo mwingine angeliona dogo. Mtu mweusi aliambiwa lile "wewe" dogo, wala si kwa urafiki, kwa kuwa lile la heshima lilikuwa la wazungu peke yao. Basi tangu siku ya kwanza uhuru wetu ulihusu pia namna mtu anavyosemeshwa.

Sasa kuku. Mama yangu amepita miaka sabini. Alifuga Uvira, akafuga tena kambini Nyarugusu. Alipofika hapa alikaa dirishani. Kiingereza hajui, gari haendeshi, na theluji inamtisha. Wajukuu walimpenda sana, lakini akawa mtu wa kuulizwa kama ameshakula, basi. Hakuna aliyemwuliza jambo ambalo yeye analijua.

Jiji la Buffalo liliruhusu kufuga kuku nyumbani mwaka 2009. Ni majike tu, wasiozidi watano, kwa leseni, na banda liwe nyuma ya nyumba. Jogoo haruhusiwi. Mama alicheka sana aliposikia hilo la jogoo: "Sasa nani atawaamsha hawa Wamarekani?" Mlioko Louisville na Columbus, ulizeni kwenye ofisi za miji yenu kabla ya kununua hata kifaranga, kwa maana kila mji una sheria yake. Na kuchinja uani msifanye kabla ya kuuliza.

Tangu kuku waje, nyumba imebadilika. Mama anamjua kuku mgonjwa kwa jinsi anavyosimama, kabla hajaacha kula. Mjukuu wake naye ana yake ya kumfundisha. Majira ya baridi ya kwanza mayai yalikatika, mama akasema kuku wa huku ni wavivu. Kijana akamweleza kwamba kuku hutaga akipata mwanga wa saa kama kumi na nne kwa siku. Uvira iko karibu na ikweta, mchana haupungui. Hapa mwezi wa Desemba mchana una saa tisa tu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe wanapumzika." Akaacha kuwasema vibaya.

Baridi yenyewe haiwaui upesi kama watu wanavyodhani. Unyevu ndio mbaya. Banda likizibwa kabisa, pumzi zao hugeuka maji na vishungi huganda. Acha tundu la hewa juu, tandika maranda makavu, paka vishungi mafuta ya mgando, na badilisha maji yaliyoganda asubuhi na jioni. Taa za joto mimi sizipendi, zimeshachoma mabanda mengi. Wale mliokuwa hapa ile dhoruba ya Desemba 2022, iliyoua zaidi ya watu arobaini katika eneo letu, mnajua hapa mtu hapangi mambo siku theluji inapoanza.

Nije kwenye neno lililonileta. Upande wa pili wa uzio anakaa mzee mmoja wa asili ya Kiitaliano, kama wengi wa zamani karibu na Hertel Avenue. Siku moja alikuja kwenye uzio akazungumza, akionyesha banda kwa kidole. Mwanangu, miaka kumi na minne, akamjibu. Wakasemezana kitambo. Mama akauliza, "Amesema nini?" Kijana akajibu, "Hamna kitu, bibi."

Hamna kitu! Mama alikuwa ameuona uso wa mzee na kile kidole. Siku tatu hakutoka uani mchana. Alilisha kuku gizani, akiamini tumetukanwa, pengine tunafukuzwa. Nilipotoka zamu ya usiku nikamkuta gizani na kopo la mahindi, nikauliza, nikaelezwa. Jioni nilimwita kijana, tukaenda wote kwa mzee. Nikamwambia mwanangu asimame kando ya bibi yake, si mbele yake, na afasiri neno kwa neno, hata lile lisilopendeza.

Mzee alisema kwamba upepo ukitoka ziwani, harufu inaingia jikoni kwake. Hilo tu. Mama akajibu kwamba ana haki, akaeleza atakavyohamisha kinyesi na kukifunika kwa majani makavu. Yule mzee akauliza maswali, mama akayajibu moja baada ya jingine, kama mwalimu. Mwishowe mzee akataka kujua amwiteje. Kijana alikuwa anaanza kutaja jina lake la kwanza, mama akamkata: "Mwambie aniite Mama." Nadhani yule mzee anamzidi umri. Mpaka leo anamwita Mama kupitia uzio, na mayai sita hupita kila wiki.

Vijana, najua mzigo mnaobeba. Mnasoma barua za kodi, mnapokea simu za shule zinazowahusu ninyi wenyewe (na hizo mnazifasiri mnavyotaka, tunajua). Lakini unapofupisha, unamwamulia mzazi wako kipi kinamhusu. Na wazazi, hospitali msimpeleke mtoto akafasiri ugonjwa. Sheria ya Marekani inaitaka hospitali ilete mkalimani bila malipo, na haiwaruhusu kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura. Ombeni mkalimani wa Kiswahili. Msione haya. Nimewaona watoto waliolazimika kumwambia mama yao habari ambazo hata daktari mtu mzima huketi kwanza kabla ya kuzisema.

Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, haya ya haraka: nawa mikono kwa sabuni kila ukitoka bandani, maana kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela. Walio chini ya miaka mitano wasishike vifaranga, na hakuna kumbusu kuku, hata kama ana jina. Kuku wakifa ghafla wawili au watatu, usiseme ni mdondo kama wa nyumbani. Mafua ya ndege yako nchini humu tangu 2022. Usiwashike kwa mikono mitupu, wapigie wahusika wa serikali.

Anayetaka kuona banda aje Jumamosi asubuhi, apige hodi mlango wa nyuma. Mimi nitakuwa nimelala. Mama ndiye atakayewaonyesha, na mwanangu atafasiri kwa wasiojua Kiswahili.