Dumuzi: Mdudu wa Miti Aliyeingia Kihengeni



Mahindi yakishavunwa, wengi wetu husema kazi imekwisha. Haijaisha. Mahindi ya shambani yana adui zake, na ya kihengeni yana adui zake. Leo tuzungumze juu ya adui mmoja tunayemjua sana sisi wa Shinyanga na Geita. Anaitwa dumuzi.

Dumuzi si mwenyeji wa hapa. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Hapa Afrika alionekana kwanza kwa jirani zetu wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1981 wataalamu wakamtambua. Wakulima wengine walimwita Scania, jina la lile lori kubwa la mizigo. Mbawa anazo, lakini safari zake ndefu huzifanya ndani ya gunia. Gunia lenye dumuzi likitoka Kahama kwenda machimboni Geita, naye amefika Geita.

Je, tutamtambuaje?

Dumuzi ni mdogo, urefu wake milimita 3 hadi 4. Rangi yake ni kahawia iliyokoza. Kichwa amekiinamisha, hata ukimtazama kwa juu hukioni. Nyuma amekatika wima, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Fukusi si hivyo. Fukusi ana mdomo mrefu mbele, kama mkonga mdogo wa tembo.

Alama kubwa ya dumuzi ni unga. Ukikuta unga mwingi chini ya kihenge, na punje zimebaki maganda, jua ni yeye. Huko Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalipatikana mahindi yaliyopoteza hata theluthi moja ya uzito wake katika miezi michache. Maana yake, katika magunia matatu, moja limeliwa na mdudu. Muhogo mkavu nao hauponi.

Kwa nini anatushinda?

Hapa ndipo penye siri. Ukoo wa dumuzi ni wa wadudu watoboa miti. Anaweza kukaa ndani ya mti mkavu. Basi mahindi yanapokwisha, yeye hujificha katika nguzo na fito za kihenge. Mama anafagia, baba anaweka mahindi mapya, na dumuzi anatoka kwenye nguzo na kuanza upya. Tumesafisha nafaka, lakini nyumba ya adui tumeiacha.

Tena, punje iliyoshikwa kwenye gunzi haitikisiki. Dumuzi anapata mahali pa kujikita na kutoboa. Punje zilizopukuchuliwa humpa taabu zaidi.

Sasa basi, tufanye nini?

1. Kabla ya mavuno, toa mabaki yote ya zamani, uyachome moto. Kagua kila nguzo na kila ufito. Wenye matundu na unga, uondoe na kuuchoma. Miti mipya imenywe magome na ikaushwe vizuri.

2. Anika mahindi mpaka yakauke. Jaribu hivi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi.

3. Pukuchua na upepete. Usihifadhi magunzi.

4. Changanya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Nzuri ni ile yenye dawa mbili pamoja: moja humwua dumuzi, ya pili humwua fukusi.

5. Asiyetaka dawa atumie mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mfuko wa nje. Funga kila mmoja barabara. Mdudu aliyemo hukosa hewa akafa. Lakini mahindi yawe makavu kabisa, na mfuko usitoboke.

6. Fungua macho. Kila baada ya wiki mbili kagua kihenge, utazame kama kuna unga.

Ndugu zetu, hapa kisomo chetu kinapata kazi. Karatasi ya dawa ina maandishi: dawa ya nini, kipimo gani kwa gunia, isubiriwe siku ngapi kabla ya kula, na tarehe ya mwisho ya kuitumia. Tusome wenyewe kabla ya kufungua. Kwetu tunalima pamba, na dawa ya pamba haikosi nyumbani. Dawa hiyo tusiitie kamwe kwenye mahindi. Itaua dumuzi, na inaweza kuua watoto wetu.

Mwisho, tufanye kazi hii kwa pamoja. Dumuzi wa kihenge cha jirani ni dumuzi wako kesho. Kitongoji kipange siku moja ya kukagua vihenge vyote na kuchoma nguzo mbovu. Anayejua kusoma amsomee asiyejua karatasi ya dawa. Januari tutakapokuwa tunapalilia, chakula tulichohifadhi sasa ndicho tutakachokula.