Fundi wa Mbali na Ufunguo wa Chama

Mazungumzo ya mkaguzi wa ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa Bodi na wanachama wa vyama vya msingi, Songambele



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo lililoingia katika ofisi zetu kimya kimya, bila kupitishwa na mkutano wowote. Nalo ni kutengenezewa kompyuta ya chama na fundi aliye mbali kwa njia ya intaneti. Sikuja kulikataza. Nimekuja kusema kwamba jambo hili ni la chama, wala si la katibu na fundi wake peke yao.

Faida yake haina ubishi. Kutoka hapa hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100. Kompyuta ikiharibika katikati ya msimu wa kahawa, kuisafirisha ni nauli, ni posho, na ni siku mbili au tatu za kazi kulala. Siku hizo mkulima aliyeleta kahawa yake ya maganda anarudi nyumbani bila kujua hesabu yake imefika wapi. Aidha, tangu Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilipoanzisha mfumo wa MUVU, mambo ya usajili, makisio na taarifa za vyama yanapita katika kompyuta. Chama ambacho kompyuta yake imelala, taarifa zake nazo zimelala.

Basi tuelewe kazi hiyo inavyofanyika. Katibu na fundi kila mmoja huwa na programu ya namna moja katika kompyuta yake. Zinazojulikana sana ni TeamViewer na AnyDesk, zote za Ujerumani. Na Windows yenyewe ina ya kwake iitwayo Quick Assist. Programu hutoa namba au neno la siri. Mmoja humsomea mwenzake kwa simu, kisha katibu hubonyeza kukubali. Kuanzia hapo fundi huona kila kilichopo kwenye skrini ya katibu, na akisogeza kipanya chake huko aliko, kishale kinatembea hapa Songambele.

Kwa njia hiyo fundi anaweza kuondoa programu zinazojifungua zenyewe na kuifanya mashine iwe nzito. Anaweza kufuta mafaili ya muda yaliyojaza diski, kusafisha virusi vilivyoletwa na flashi, kurekebisha printa iliyokataa kuchapa, na kuingiza marekebisho ya usalama. Lakini hawezi kufufua kompyuta isiyowaka, wala kupuliza vumbi, wala kubadilisha waya uliotafunwa na panya. Tena, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo chama chenye mashine ya Windows hiyo kimuulize fundi kama inaweza kupokea toleo jipya, kabla ya kumlipa kwa kuipaka rangi nyumba inayobomoka.

Ndugu wanachama, sasa nifike kwenye kiini. Katika kompyuta ile yamo majina ya wakulima wote, kilo walizoleta, namba zao za simu na namba za akaunti za benki wanakolipiwa. Vyama vyetu vina desturi njema ya sefu yenye funguo mbili, mmoja kwa mtu huyu na wa pili kwa mtu yule, ili asiwepo wa kuifungua peke yake. Hakuna mkutano mkuu ambao ungekubali mgeni aachiwe funguo zote mbili, naye katibu aende kunywa chai. Lakini kwenye kompyuta jambo hilo hilo linafanyika, na mtu halioni, kwa kuwa mgeni hakupita mlangoni.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi yangu, bila kutaja chama wala fundi. Chama kimoja kilikuwa kinaandaa orodha ya malipo. Mkulima mmoja alipoisoma aliona kwamba namba ya akaunti iliyo mbele ya jina lake si yake. Fedha zilikuwa hazijatoka, na namba ikarekebishwa. Ila swali lilibaki: nani aliibadilisha? Fundi alikuwa ameingia wiki hiyo mara kadhaa. Alikuwa amewekewa neno la siri la kudumu, ili aweze kuingia hata pasipo mtu ofisini. Hapakuwa na daftari lililoonyesha siku, saa wala kazi aliyoifanya. Huenda yalikuwa makosa ya kunakili tu. Lakini wanachama walimtazama karani, binti wa kijiji hicho hicho, na yeye hakuwa na karatasi hata moja ya kujitetea. Mpaka leo wapo wanaomnong'ona. Ndiyo maana nasema kwamba daftari halimlindi mkulima peke yake. Linamlinda na mtumishi mwaminifu.

Kuna hatari nyingine ya wezi waziwazi. Mtu hupiga simu akisema kwamba yeye ni wa kampuni kubwa ya kompyuta, ameona virusi katika mashine yenu, mpakue programu fulani haraka kabla data hazijapotea. Microsoft imekwisha kutangaza kwamba haipigii watu simu za namna hiyo bila kuombwa. Huyo ni ndugu wa yule anayetuma ujumbe kwamba "ile hela itume kwenye namba hii." Namba zinazotumika kwa ulaghai wa ujumbe zitumwe kwa 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo.

Sisi wa huku tunaijua butura. Mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa ikiwa bado maua, na siku ya mavuno mti ni wake lakini kahawa ni ya mwingine. Katibu anayetoa namba ya kompyuta kwa mtu asiyemjua, kwa sababu tu taarifa inatakiwa kesho, anafanya butura ya chama. Tofauti ni kwamba yule aliuza kahawa yake. Huyu anauza ya wenzake.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Vyama vyetu vinatunza taarifa za watu.

Kwa hiyo naviomba vyama vyote vifuate mambo haya sita:

Kwanza, Bodi imteue fundi kwa jina, ikubaliane naye bei, na iandike katika muhtasari.

Pili, chama ndicho kimpigie fundi. Anayepiga yeye asifunguliwe.

Tatu, kabla ya kazi, nakala ya kumbukumbu zote iwekwe kwenye diski ya nje, na diski ichomolewe. Daftari la wanachama na mfumo wa benki vifungwe.

Nne, katibu au karani akae mbele ya skrini tangu mwanzo hadi mwisho, na fundi aeleze kila afanyalo. Likimtia shaka, akate intaneti mara moja. Maelezo yatafuata baadaye.

Tano, ruhusa ya kudumu isitolewe. Kazi ikiisha, programu ifungwe, na maneno ya siri yaliyotumika yabadilishwe. Neno la siri la MUVU au la benki asipewe fundi yeyote. Tatizo la MUVU lipelekwe kwa afisa ushirika wa wilaya.

Sita, liwepo daftari: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, jina la fundi, kazi iliyofanyika, fedha iliyolipwa, na sahihi ya aliyesimamia.

Daftari hilo halihitaji umeme wala intaneti. Ni la shilingi chache dukani. Nitakapokuja kukagua, nitaliomba pamoja na kitabu cha fedha, na mwanachama yeyote ana haki ya kuliuliza katika mkutano mkuu.

Ushirika udumu.