Dawa Haikuja kwa Siku Moja

(Hotuba ya Kamati ya Elimu na Afya, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya maadhimisho ya miaka kumi)



Miaka kumi siyo mchezo. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi wa Kamati ya Elimu na Afya tumepewa zamu ya kuzungumzia ugonjwa, nasi tumechagua saratani ya damu kwa watoto, pamoja na habari za mwanamke mmoja aliyeitafutia dawa. Mwisho tunalo ombi moja, tena ni ombi la fedha. Kwa hiyo Mama Mweka Hazina tunakuomba usisinzie.

Mwanamke huyo aliitwa Gertrude Elion. Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1918, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki. Baba yake alikuwa daktari wa meno, lakini mali yake ilipotea soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929. Gertrude alipokuwa na miaka 15, babu yake aliyempenda sana alifariki kwa saratani ya tumbo. Binti akakata shauri: atasoma sayansi, apambane na ugonjwa ule.

Bahati nzuri kilikuwapo chuo cha wanawake, Hunter College, ambacho hakikutoza ada. Akamaliza shahada ya kemia mwaka 1937, ana miaka 19, kwa daraja la juu kabisa. Sasa akatafute kusoma zaidi. Akaomba msaada wa masomo katika vyuo 15, vyote vikamnyima. Akatafuta kazi maabara, akaambiwa anafaa, ila msichana atawavuruga wanaume kazini. Jamani, hayo tunayajua, hata sisi ambao hatujawahi kuiona maabara!

Hakukaa chini akalia. Aliwafundisha wauguzi kwa miezi michache. Kisha akamwomba mkemia mmoja amsaidie kazi bila malipo, ilimradi ajifunze. Baadaye akaanza kulipwa, mpaka akafikia dola 20 kwa wiki. Akaweka akiba. Kwa akiba hiyo na msaada wa wazazi akaingia Chuo Kikuu cha New York mwaka 1939, mwanamke peke yake katika darasa lake la kemia. Mchana alifundisha shule za sekondari, utafiti akaufanya usiku na siku za mapumziko. Mwaka 1941 akapata shahada ya pili.

Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume, nafasi zikaanza kupatikana. Kwanza alipima ukali wa achari katika kampuni ya vyakula. Halafu mwaka 1944 akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, akafanya kazi na Dk. George Hitchings. Alianza pia kusomea udaktari wa falsafa jioni, lakini chuo kikamwambia achague: masomo ya kutwa au kazi. Akachagua kazi, na shahada ile hakuimaliza.

Hapo tuingie kwenye dawa yenyewe. Damu yetu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Saratani ya damu ikiingia, chembechembe nyeupe changa huzaliana ovyo bila kukomaa. Zinajaza uboho mpaka chembechembe nyekundu, na zile za kuzuia damu kutoka, zinakosa nafasi. Ndiyo maana mtoto anapauka, anapata homa zisizokwisha, anatokwa damu puani au kwenye ufizi, anavia damu bila kuumia, analalamika mifupa. Dalili hizi zaweza kuwa za maradhi mengine pia, malaria ikiwemo. Lakini zikirudi baada ya dawa, mtoto apimwe damu hospitali, asizungushwe mtaani.

Hitchings na Elion walifikiri hivi. Kila chembe ikitaka kugawanyika, lazima inakili DNA yake, na kwa kazi hiyo inahitaji vitu viitwavyo purini, mfano wa matofali. Je, chembe ya saratani, yenye haraka ya kuzaliana, ikipelekewa tofali la uongo? Elion akatengeneza matofali hayo moja baada ya jingine. Kufikia mwaka 1951 walikuwa wamejaribu purini zaidi ya 100. Katika mojawapo, atomu moja ya oksijeni iliondolewa, ikawekwa ya salfa mahali pake. Hiyo ndiyo merkaptopurini. Chembe ya saratani iliipokea kama tofali la kweli, ujenzi ukakwama.

Wakati ule watoto wengi wenye saratani kali ya damu walikuwa wakifariki ndani ya miezi mitatu au minne. Madaktari wa New York walipowapa merkaptopurini, wapo walioinuka kitandani wakacheza. Mwaka 1953 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa hiyo.

Lakini ndugu zetu, sikilizeni hapa, maana ndipo penye neno letu la leo. Wengi wa watoto wale ugonjwa uliwarudia, wakafariki. Mtoto alionekana mzima, kumbe chembe chache zilikuwa zimejificha. Dawa ile iliongeza uhai ukafika kiasi cha mwaka mmoja, basi. Elion aliumia sana kuona watoto wanapona na kisha wanaondoka. Akaendelea miaka mingi kuchunguza dawa hiyo inafanya nini mwilini.

Dawa moja haikutosha. Madaktari wakajifunza kuunganisha dawa kadhaa kwa pamoja, na kuziendeleza hata baada ya mtoto kuonekana amepona. Leo matibabu ya aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu, na kwa muda mrefu mtoto hunywa vidonge vya merkaptopurini kila siku akiwa nyumbani. Katika nchi zenye huduma kamili, watoto kama 9 kati ya 10 wenye aina hiyo wanapona. Katika nchi maskini wanaopona ni wachache zaidi, na miongoni mwa sababu ni kuchelewa kufika hospitali na kuacha matibabu njiani. Merkaptopurini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kutokana na kazi ile ile zilizaliwa dawa nyingine: ya kusaidia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, na alopurinoli ya ugonjwa wa jongo. Tahadhari: alopurinoli ikikutana na merkaptopurini, nguvu ya merkaptopurini huzidi mno. Mtoto aliye kwenye matibabu asipewe dawa yoyote bila daktari kujua. Baadaye kikundi chake kilileta asikloviri, ambayo wengi hapa tunaijua kwa mkanda wa jeshi. Mwaka 1988 Elion alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hitchings na James Black wa Uingereza. Alifariki mwaka 1999. Vyuo vilimpa shahada nyingi za heshima, yeye asiyemaliza ile ya jioni.

Sasa ombi letu. Mfuko wetu wa jamii una kifungu cha rambirambi. Mwenzetu akifiwa, siku hiyo hiyo fedha zinatoka, na ni vizuri. Lakini mama mwenye mtoto wa kutibiwa miaka miwili anahitaji nauli kila safari, na chakula akiwa mjini. Msaada wa mara moja wa kumpa pole hauwezi kumfikisha. Mwezi wa nne mtoto anakimbia na wenzake, nauli imekwisha, majirani wanamwambia, "Si amepona huyo?" Hapo ndipo safari inapokatika, na ndipo ugonjwa unaporudi.

Tunaomba mkutano uongeze kifungu cha matibabu ya muda mrefu: nauli itolewe kila tarehe ya kliniki, kadi ya hospitali ikionyeshwa, mpaka daktari aseme basi. Kiwango tutakipanga pamoja. Tusisubiri kuchangia sanda wakati tungeweza kuchangia nauli. Sisi tunajua vizuri kuliko wengi kwamba kidogo kidogo, kikitolewa bila kukosa, hufika mbali.

Umoja wetu hoyee!