Kipakatalishi Kinachochelewa Kuwaka na Kugoma Kuzima

Mazungumzo kwa wakazi wa Ahero kuhusu utunzaji wa tarakilishi

 

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA. Siku hizo saiba hujaa, na ndipo mwenye kipakatalishi hugundua kwamba chake huchukua robo saa kuwaka. Akimaliza kazi na kukizima, skrini hubaki na kile kiduara kinachozunguka. Wengine hukizima kwa nguvu kila jioni, wengine hukiuza kwa bei ya kutupa. Yote mawili ni hasara, kwani mara nyingi kasoro hii huondoka bila kununua chochote. Muhimu ni kufuata utaratibu.

Kwanza, okoa kazi yako. Kabla ya kugusa lolote, nakili vyeti, picha na hesabu za mpunga kwenye flashi. Kuchelewa kuwaka kunaweza kuwa dalili ya diski inayokufa. Ukisikia inagongagonga, acha kuitumia na umwone fundi.

Pili, punguza mzigo wa asubuhi. Programu nyingi hujiwasha zenyewe mara tu mashine inapowaka. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utafute sehemu iitwayo "Startup". Zima zile usizozihitaji, lakini uache ya kukinga virusi. Angalia pia kama diski imejaa. Video za harusi na filamu zilizotazamwa zinaweza kuhamishwa ili mfumo upate nafasi ya kufanyia kazi.

Tatu, elewa maana ya kuzima. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mashine nyingi zikizimwa kwa "Shut down" hazianzi upya kabisa zikiwashwa. Mfumo huhifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho uwake upesi. Kukiwa na hitilafu katika sehemu hiyo, nayo huhifadhiwa na kurudi asubuhi. Kwa hiyo chagua "Restart" angalau mara moja kwa wiki, maana hiyo huanzisha kila kitu upya. Kuzima kabisa, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua "Shut down".

Mashine ikigoma kuzima, funga kwanza programu zote mwenyewe na uchomoe flashi na printa. Ikiwa skrini inasema inasasisha mfumo, subiri, hata kama ni saa nzima. Usikate stima katikati, kwani mfumo unaweza kuharibika usiwake tena. Ndiyo sababu, kwa jinsi stima inavyokatika, ni vyema betri iwe na chaji kabla ya kuanza kusasisha. Kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde 10 hadi mashine izime ni hatua ya mwisho kabisa. Isiwe desturi ya kila jioni.

Nne, angalia joto na vumbi. Vumbi la vinu vya mpunga huziba feni, na mashine ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Usiitumie juu ya godoro, na vumbi litolewe mara kwa mara.

Yote haya yakishindikana, muulize fundi kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka. Kuweka SSD mahali pake hupunguza sana muda wa kuwaka, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko kununua mashine mpya. Wanaotumia Windows 10 wakumbuke kwamba Microsoft ilimaliza usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Waulize kama mashine yao inaweza kupokea Windows 11.

Unapoipeleka kwa fundi, toka kwenye barua pepe yako kwanza na usimpe mtu yeyote PIN ya M-Pesa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa zako, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe.

Leo jioni, kabla ya kufunga mashine, anza na lile la kwanza: nakili kazi yako. Makataa hayasubiri kiduara kimalize kuzunguka.