Paka Aliyefungiwa Chumbani

Kila inapovuma kaskazi, tangu Disemba hata Machi, na mabati ya Mombasa na Dar es Salaam yakaanza kuwaka mapema asubuhi, huletewa mimi paka wenye adha ile ile: amefungiwa chumbani mchana kutwa, dirisha limekomewa, na maji ama hakuwekewa, ama aliyapindua mwenyewe kabla bwana wake hajafika kituoni. Mwenye nyumba huwahi basi la saa 12 alfajiri, akarejea magharibi, naye amemwachia hayawani wake dagaa sahanini, akaitakidi kwamba wajibu wake umekwisha.

La, haukwisha! Asili ya paka ni paka mwitu wa nchi kame za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati, na kwa sababu hiyo kiu yake ni dhaifu na mkojo wake ni mzito. Akikosa maji hapigi kelele kama mbuzi, bali hujilaza kimya, nasi tukadhani kimya kile ni raha. Dume ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni nyembamba mno, na ikizibwa na changarawe, ambazo uhaba wa maji ni mojawapo ya sababu zake, sumu hubaki damuni, na siku mbili tatu zatosha kumwua. Bibi mmoja, fundi cherehani, aliona paka wake achutama na kujikamua, akadhani amefunga choo, akamnywesha mafuta ya nazi. Kumbe hakuwa amepata hata tone la mkojo tangu juzi yake. Aliponiletea, wakati ulikuwa umekwisha pita.

Na ajabu ni kwamba wengi wetu tuliisoma chuoni ile hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie wadudu wa ardhini. Usiku twawasimulia watoto, na asubuhi twatia kufuli!

Basi tieni maji katika bakuli zito la udongo, si kikopo cha plastiki kinachopinduka kwa kuguswa na mkia. Tena wekeni mawili, mbali na chakula na mbali na mchanga wake wa kujisaidia. Dirisha liachwe wazi, ila liwe na wavu, hususan kwa wakaao ghorofani. Mkimkuta anahema kinywa wazi, hilo ni joto limemzidi: mpelekeni kivulini na kumlowesha maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, kisha mwende kwa tabibu.

Nyuzi na sindano zifichwe, maana miiba ya ulimi wa paka imeelekea ndani, na uzi ukiingia hautemeki. Sumu ya panya msiitege kabisa. Wala msimpe panadol, kwani hata kidonge kimoja chaweza kumwua.

Narudia la maji, maana kesho nitaletewa mwingine. Dume akirudia-rudia mchangani na mchanga ukabaki mkavu, msimminye tumbo, msimnyweshe mafuta, wala msingoje Jumatatu. Mbebeni saa ile ile kwa bwana mifugo, na mumwambie mara ya mwisho alikojoa lini.